Mwana Chanda na Sakafu za Shangamoyo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa kuta!

Pakawa watu!

Nasikia sauti chache. Walioshiba wameitika, na wenye njaa je? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni jamvi. Mwenye usingizi akae hapa karibu, nimkanyage akianza kukoroma.

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, palikuwa na nchi ikiitwa Shangamoyo. Nchi tajiri, jamani! Ukichimba shimo la kupanda muhogo unatoa sandarusi, ile gundi ya ardhini ing'aayo, na wageni walikuja kuililia kutoka mbali. Watu walikula wakasaza. Walivaa hariri hata kwenda kisimani. Lakini nyumba? Makuti na udongo. Za mawe zilikuwa mbili tatu tu, za wazee wa kale, maana kila moja ilichukua miaka kuisimamisha.

Mtawala wao alikuwa mwanamke, Mwana Chanda, mrefu, mwenye maringo, na maringo yake yalimpendeza. Jambo moja tu lilimkera. Kila Fumo Bakwa, mfalme wa nchi ya ng'ambo, alipokuja kumtembelea, aliinua macho kwenye makuti, akacheka.

"Mwana, utajiri wote huu, na bado mjusi anakuangukia kwenye pilau?"

Siku hiyo Mwana Chanda aliisukuma sahani. Mgeni alipoondoka, siwa, lile baragumu la kifalme, ikapigwa, watu wakakusanyika, naye akasema mbele yao:

"Masika haya yatawakuta chini ya sakafu za mawe, mapaa ya chokaa badala ya makuti, pakavu, kila mmoja kwake. Yasipowakuta hivyo, kilemba hiki nakivua, mpeni mwingine."

Vigelegele vikapaa. Lakini masika hayakuwa mbali, na Mwana Chanda alipobaki peke yake alianza kujiuliza amesema nini.

Ndipo akatokea Jini Chapuchapu. Mikono minane, na hakuna hata mmoja uliotulia.

"Mwana Chanda, nijenge au nisijenge?"

"Utajenga upesi?"

"Kufumba na kufumbua. Ila sharti langu, mtu asiguse jiwe, na mtu asiimbe. Nyimbo za binadamu zinaniuma kichwa."

"Jenga!"

Jini akajenga. Watu wakakaa pembeni, mikono mapajani, wakitazama kuta zinavyopanda.

Kuta zilipofika juu, akaja Bi Mwanakombo, mpika vitumbua wa mtaa wa chini, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mwana, nyumba ikifika juu si twaitana? Wanawake upande huu, wanaume upande ule, vigongo mkononi, tunaimba, tunapigilia chokaa mpaka ishikane, maji yasipite. Wewe mwenyewe ulipigilia sakafu ya bibi yako, ukingali kigori. Hizi nani atazipigilia?"

Mwana Chanda alikumbuka. Alikumbuka ngoma, jasho, viganja vilivyochubuka, na shangazi zake wakimtania kwamba anabembeleza chokaa badala ya kuipiga. Alikuwa na furaha siku ile. Lakini alitazama mawingu, akakitazama kilemba chake kwenye kioo.

"Mwana Chanda, nijenge au nisijenge?"

"Jenga!"

Jini akamwaga chokaa juu ya mapaa yote, akailainisha kwa viganja vyake vinane, basi. Mji ukang'aa. Watu wakabomoa vibanda vyao, makuti yakawa kuni za pilau ya sherehe, na mjumbe akatumwa kumwalika Fumo Bakwa aje ajionee.

Mvua ya kwanza ilikuwa rasharasha tu, mvua ya kuonjesha. Mwana Chanda alikuwa kitini, amejipamba, mara tone likamdondokea puani. Akainua uso. La pili likamwingia jichoni. Huko nje watu walikuwa wanatoa magodoro, mtaa kwa mtaa.

Bi Mwanakombo akaingia bila hodi, mjukuu wake mgongoni anatetemeka.

"Mwana, huyu amelowa kitandani kwake. Kwenye makuti hajawahi kulowa."

Mwana Chanda aliona haya mpaka shingo ikamwasha. Angeweza kumlaumu jini, na hakuna ambaye angebisha. Lakini aliyesema "jenga" alikuwa nani?

Chapuchapu naye huyo, anacheka. "Si kitu! Namwaga nyingine juu ya hii. Mwana Chanda, nijenge au nisijenge?"

Akamtazama yule mtoto.

"Usijenge!"

"Utakivua kilemba wewe!"

"Nitakivua nikiwa nimechoka. Sitakivua nikiwa nimekaa."

Akachukua kigongo. Hakupanda juu ya jumba lake. Aliteremka mtaa wa chini, akapanda kwa Bi Mwanakombo, akaivunja ile chokaa iliyopasuka. Ikakorogwa mpya, ikamwagwa, akaanza kupiga. Sauti yake haikuwa nzuri, tuseme kweli, ila aliimba.

"Piga!"

Walio chini wakainua macho.

"Piga!"

"Ya nani?" akaitika Bi Mwanakombo kutoka chini.

"Ya kwetu!"

Kufikia wimbo wa tatu paa lilikuwa limejaa watu. Jini Chapuchapu akaziba masikio kwa mikono yote minane, haikutosha, akatimua mbio.

Jua likawahurumia, likakaa. Mtaa ukashindana na mtaa, huku wamemaliza, kule wanazomea. Wazee waliokuwa hawaamki bila kushikwa mkono walidai vigongo vyao. Tena kazi ilikwenda upesi kuliko ya jini, kwa sababu jini ana mikono minane, na Shangamoyo ilikuwa na mikono maelfu.

Kila walipomwambia, "Mwana, sasa kwako," alijibu, "Kwangu mwisho." Wakamwambia tena, akajibu vilevile. Mara ya tatu mawingu yalikuwa meusi, na nyumba chache za mtaa wa chini zilikuwa bado. "Kwangu mwisho," akasema, akashuka nao. Sakafu ya mwisho ilikuwa imeshakauka masika yalipofunguka.

Fumo Bakwa akaja katika mvua ile ile. Akaketi jumbani, tone likampata begani, akaangua kicheko.

"Mwana! Jumba la mawe, nalo lavuja?"

Watu mlangoni wakainamisha vichwa. Mwana Chanda hakuinamisha.

"Linavuja hili tu. Pita mji mzima, nyoosha kiganja. Ukipata tone, kilemba ni chako."

Akapita. Kila nyumba pakavu. Kila nyumba aliuliza, "Nani kaijenga hii?" Bibi akajibu, "Mimi." Mvulana akajibu, "Mimi." Mjane wa mtaa wa chini akamwonyesha viganja vyenye sugu, akajibu, "Mimi, na yule Mwana wetu."

Fumo Bakwa akarudi, hacheki tena. Alimkuta Mwana Chanda kitini pale pale, kilemba kimelowa chapachapa, hakikuvuliwa. Yule mfalme akainama mbele yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwana, jua likitoka, nami nipewe kigongo."

Basi, enyi wenye masikio, nchi yenye mali na ijenge miji, na ijenge upesi ikipenda, ila wenyewe wapande juu ya paa. Mimi siku zile nilikuwa kwa Bi Mwanakombo, nakula vitumbua. Ndiyo maana kwangu kunavuja mpaka leo.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwishe.