Mtunzi Ndimi Fulani

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika. Ninyi wa nyuma mna mahindi mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walipenda mashairi kuliko chakula. Isipokuwa Fisi. Fisi alipenda chakula. Ukioa, shairi. Ukizaa, shairi. Ukigombana na jirani, shairi. Na kila shairi lilikuwa na ubeti wake wa mwisho, kaditama, na hapo mtunzi hutaja jina lake, ili watu wajue maneno yametoka kwa nani.

Lakini kutunga ni kazi. Kila kipande cha mstari kina mizani nane, si saba, si tisa. Wengi walikuwa na maneno tumboni na hawakujua kuyatoa. Basi walikwenda kwa Bi Nungunungu.

Bi Nungunungu hakuwa na bwana wa kumwajiri. Leo alifanya kazi ya huyu, kesho ya yule. Akitembea, miba yake inalia, cha-cha-cha, cha-cha-cha. Akifika kwa mteja, anakaa, anauliza, anasikiliza. Kisha anachomoa mwiba mmoja mgongoni, anaandika juu ya jani la mgomba, krr, krr, krr. Mteja anampa mihogo, viazi, maboga, tena kwa moyo mkunjufu. Kwa hilo hakuwa na lawama.

Ila kwenye kaditama aliandika hivi: Mtunzi ndimi Fulani. Na alimwambia kila mteja, "Hapo penye Fulani, tia jina lako." Tumbili akatia Tumbili. Korongo akatia Korongo. Watu wakapiga vigelegele, wakasema, "Kumbe Korongo ana kipaji." Na Korongo akainua shingo, akasema, "Ah, nilikaa tu chini, yakaja yenyewe."

Bi Nungunungu alisikia yote hayo akiwa nyuma ya kichaka. Alikuwa na mazoea ya kwenda kusikiliza. Alijiambia, "Mimi sijali. Nimeshiba." Kisha akirudi nyumbani mihogo haimpiti kooni. Alijali. Alijali sana, wala hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja Kiboko alitaka kumfanyia mama yake karamu. Bi Nungunungu akashuka mtoni, cha-cha-cha.

"Shikamoo, Bi Nungu."

"Marahaba, mwanangu. Niambie habari za mama."

"Mama ni mama tu. Ni mzuri."

"Wote ni wazuri. Wa kwako alifanya nini?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri mpaka jua likafika utosini. Kisha akasema polepole kwamba mwaka wa ukame, akiwa mdogo, alizama topeni, na mama akamsukuma kwa pua, akamsukuma, akamsukuma, mpaka pua ikachubuka. Hajawahi kumwambia mtu. Hata mama mwenyewe hajawahi kumwambia kwamba anakumbuka.

Bi Nungunungu akachomoa mwiba. Krr, krr, krr. Siku hiyo aliandika huku machozi yanamtoka. Akampa Kiboko jani, akamwambia, "Hapo penye Fulani, tia jina lako."

Kiboko akasema, "Naam, naam." Lakini Kiboko alikuwa amezama mpaka machoni, maji yamejaa masikioni. Hakusikia kitu.

Siku ya karamu ikafika. Asubuhi na mapema uwanja umejaa. Bibi Kiboko, mama mwenyewe, amekaa mbele. Chiriku yuko juu ya tawi, maana kazi yake ilikuwa kuhesabu mizani za kila mtu, tik, tik, tik. Bi Nungunungu yuko nyuma ya kichaka chake. Kiboko akasimama, akakohoa, akasema:

"Mto ulipokauka, nikazama matopeni,
Pua yako ikafika, ikanitoa shimoni,
Leo nimeneemeka, hata sitoshi mtoni,
Pua ile sitachoka, kuisifu hadharani."

Bibi Kiboko akaishika pua yake. Kiboko naye akaendelea, beti kwa beti, akafika mwisho, akasoma kama alivyoandikiwa:

"Kaditama naondoka, mtunzi ndimi Fulani."

Wanyama wakatazamana. Fulani? Fulani ndiye nani?

"Mizani zimetimia," akasema Chiriku. "Lakini Fulani simjui."

Fisi akajitokeza mbio. "Fulani ni mimi. Jina la utotoni hilo."

"Karibu," akasema Bibi Kiboko. "Tuongezee ubeti mmoja."

Fisi akasafisha koo. "Bibi Kiboko mnene, ana nyama, ana nyama..." Akanyamaza, mate yanamdondoka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fisi akarudi alikotoka.

Bibi Kiboko hakucheka. Akamgeukia mwanawe. "Miaka yote hii nilidhani umesahau. Maneno haya ulimwambia nani? Nani alikaa na wewe akakusikiliza mpaka ukayasema? Nataka nimshukuru."

Kule kichakani Bi Nungunungu alisikia yote. Miguu inataka kutoka. Kichwa kinakataa. Akitoka, Kiboko ataaibika mbele ya mama yake. Na Tumbili je? Na Korongo? Nani atamwita tena, mtu anayetoa siri za wateja? Akaiambia miguu itulie. Miguu ikatulia.

Kiboko angeweza kusema, "Fulani ni mimi, mama." Mdomo ulikwisha kufunguka, na mdomo wa Kiboko mnaujua ulivyo. Akamtazama mama. Akaona ameishika pua yake bado.

"Mama," akasema, "habari ni yangu. Maneno ni ya Bi Nungunungu. Mimi nisingeweza."

Kichakani kukasikika cha-cha-cha-cha-cha, miba yote imesimama. Hapo hapakuwa na kujificha tena. Bi Nungunungu akatoka, kichwa chini.

"Kumbe," akasema Chiriku. "Na lile la harusi yako, Tumbili?"

Tumbili akajikuna. "Bi Nungu."

"Korongo?"

Korongo akatia kichwa chini ya bawa. "Bi Nungu," akasema kutoka humo humo.

Bibi Kiboko akainuka, akaja mpaka mbele ya Bi Nungunungu, akaigusisha ile pua yake kwenye pua ndogo ya Bi Nungunungu, taratibu, kwa sababu ya miba. "Ahsante, mwanangu. Sasa tusomee kaditama. Safari hii na jina lako."

Bi Nungunungu ametunga kaditama za msitu mzima. Ya kwake hakuwahi kuisema. Akainua kichwa. Akaanza.

"Kaditama naondoka, mtunzi ndimi Nungunungu."

Tik, tik, tik, akahesabu Chiriku, akakunja uso. "Bi Nungu, samahani. Ni tisa. Imezidi moja. Sema, mtunzi ni Nungunungu. Hapo zinakuwa nane."

"Najua," akasema Bi Nungunungu. "Lakini 'ni Nungunungu' anaweza kusema mtu yeyote. 'Ndimi' naisema mimi peke yangu."

Chiriku akamtazama Bibi Kiboko.

"Iache izidi," akasema Bibi Kiboko.

Ikaachwa. Na Bi Nungunungu akarudia mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, mizani tisa, na uwanja mzima ukamwitikia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mtu akikufanyia kazi nzuri, mpe chakula chake, kisha mtaje jina. Kumtaja hakukupunguzii hata punje, na yeye utakuwa umemfurahisha maisha.

Hapo ndipo ngano yangu ilipochoka, ikakaa chini. Ikiwa mbaya, nirudishieni. Ikiwa nzuri, kaisimulieni nyumbani, na mkiulizwa mmeisikia kwa nani, msiseme kwa Fulani.