Hina ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa karibu na mlango, midomo mmeiazimisha? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakibishiana hodi, alikuwako Nungunungu na mkewe, Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa na wivu. Si wivu wa kununa na kunyamaza. Wivu wa kuhesabu! Kila jioni mume akirudi, alimgeuza, akamhesabu miiba ya mgongoni mmoja mmoja, akiimba:

"Moja, mbili, tatu, umekula kwa nani?
Nne, tano, sita, umecheka na nani?"

Mwiba ukipungua, basi umedondokea kwa mwanamke. Ndivyo alivyoamini. Na mwanamke mwenyewe alimjua: Kanga, mjane wa ng'ambo ya shamba la mihogo, mwenye madoadoa meupe kama aliyenyunyiziwa unga. Bi Mashavu akiyaona yale madoadoa, roho ilimuuma. Kajipamba vile kwa ajili ya nani? Siku moja akamkabili njiani, mbele za watu.

"We Kanga! Nikisikia umelitaja jina la mume wangu, nitakunyonyoa mpaka unyoya wa mwisho."

Kanga akatimua mbio, kro, kro, kro.

Sasa sikilizeni. Jumatano asubuhi, Chui, waziri wa Mfalme Simba, akabisha hodi kwa Nungunungu. Anaomba kaa la moto. Bi Mashavu akampa, Chui akaenda zake. Jioni, hesabu. Lo! Mwiba mmoja haupo.

"Uko wapi?"

"Umedondoka, mke wangu. Miiba hudondoka."

"Umedondoka kwa nani?"

Maneno yakazaa maneno, chakula kikapoa chunguni.

Alhamisi mchana Nungunungu kajilaza, anakoroma, khoo, khoo. Bi Mashavu akaponda hina. Akampaka kila mwiba, kila mwiba, shinani kabisa, pale palipofichwa na wingi wa miiba, pasipoonekana mpaka mwiba ung'oke.

"Sasa na udondoke tena," akasema. "Nikiukuta jikoni kwa mtu, nitaujua."

Ijumaa, jua likiwa la utosini, mume akatoka. Mke nyuma yake. Nyata, nyata, nyata. Akachungulia uani kwa Kanga. Mumewe huyo! Kakaa mkekani, mihogo ya nazi mbele yake. Anakula, anacheka. Nyumbani hajacheka tangu masika! Bi Mashavu akataka kuingia, akageuka. Akarudi kwake analia.

Hajafika mlangoni, akasikia ngoma. Ndi! Ndi! Ndi! Mfalme Simba kauawa! Kakutwa kisimani, mwiba wa nungunungu umesimama kooni. Kufumba na kufumbua, Nungunungu kafungwa kamba.

Jumamosi likakaa baraza. Mwamuzi alikuwa Tembo. Chui akasimama, kifua mbele.

"Hii ndiyo taarifa ya serikali," akasema. "Jana, jua likiwa la utosini, Nungunungu alikuwa kisimani. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Na mwiba wake huu hapa. Afukiwe mzima mzima!"

"Afukiwe!" wakaitikia wanyama.

Tembo akauliza, "Nungunungu, jana jua la utosini ulikuwa wapi?"

Nungunungu akamtazama mkewe. Akainamisha kichwa.

"Nani anajua alikokuwa?"

Kanga akafungua mdomo. Akamtazama Bi Mashavu. Akaufunga.

Na Bi Mashavu? Moyoni akasema: Na wamfukie. Bora achukuliwe na shimo kuliko na Kanga. Ndiyo, alisema hivyo, msinitumbulie macho. Wivu hauna adabu.

Kisha akasikia miiba ya mumewe ikigongana kwa kutetemeka, chaka chaka chaka. Ndipo akaelewa. Huyu bwana anamwogopa mkewe kuliko anavyoliogopa shimo. Na Kanga vilevile. Midomo yote miwili kaifunga yeye, Bi Mashavu. Akaona uchungu mkubwa, akasimama.

"Babu Tembo, taarifa hiyo si kweli."

"Mwanamke, unabishana na serikali?" akanguruma Chui.

"Nabishana na wewe. Mume wangu hakuwako kisimani."

"Alikuwa wapi?" akauliza Tembo.

"Alikuwa… kwa Kanga. Anakula mihogo. Nilimwona mwenyewe, nikichungulia ua wa watu kama mwizi."

Baraza likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Ngiri akagaagaa mavumbini. Bi Mashavu akaona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini hakukaa.

"Kweli tupu!" akaropoka Kanga. "Na alikula vipande saba!"

"Nani kakuuliza vipande?" akafoka Bi Mashavu. Mnaona? Wivu bado ulikuwa mzima.

Chui akacheka. "Mke lazima amtetee mumewe. Na mwiba je?"

"Nipeni huo mwiba."

Akautazama shinani. Mweupe. Akamwendea mumewe, akashika mwiba, akaung'oa. Pwa! "Yalaa!" Shinani mwekundu. Akang'oa mwingine. Pwa! Mwekundu.

"Alhamisi nilimpaka hina miiba yote," akasema. "Huu wenu ulidondoka kabla ya hapo. Jumatano nilikosa mmoja. Mimi mjinga nikasema uko kwa Kanga. Na siku hiyo alifika kwangu mgeni mmoja tu, anaomba kaa la moto."

"Mgeni gani?"

"Waziri Chui."

Tembo akageuka polepole. "Chui, wewe na baba yako na babu yako mnakula nyama mbichi. Tangu lini unapika?"

Chui akapasuka kwa hasira. "Kila siku Simba, Simba, Simba! Ana nini Simba? Nywele za shingoni tu! Mimi mwenye madoa mazuri hivi, nani ananitazama?"

Wakamrukia. Akawaponyoka, akapanda mti, na mpaka leo hula huko juu, peke yake.

Nungunungu akafunguliwa, wakarudi nyumbani. Jioni akageuza mgongo mwenyewe. "Haya, hesabu, mke wangu."

"Moja, mbili, tatu, umekula kwa nani?"

"Kwa Kanga," akajibu. Mara ya kwanza kusema kweli. "Kule nalishwa kwanza, naulizwa baadaye. Kwako naulizwa kwanza, ugali unapoa."

Neno hilo lilimchoma Bi Mashavu kupita miiba yote. Akaondoa mkono mgongoni. Akapakua ugali wa moto, akasema, "Kaa ule."

Mume akala. Mke hakuuliza neno. Akala mpaka akashiba, akanawa. Hapo ndipo Bi Mashavu akakohoa kidogo.

"Hivi… vilikuwa saba kweli?"

Nungunungu akacheka. Akacheka nyumbani kwake, mpaka miiba ikalia.

Basi shikeni hili, wakubwa kwa wadogo: wivu wako ni wako, lakini ukweli si wako peke yako. Anayeujua akauficha ili amkomoe mtu, huyo kashika jembe pamoja na wafukiaji.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nungunungu. Anayetaka kujua zaidi abishe hodi, ila asiombe moto.