Mkongojo wa Bi Paa

Apeni kwanza kwamba neno hili halitoki nje. Mmeapa? Haya. Na mimi niliapa vivyo hivyo, na nyinyi ni wa saba kuwasimulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na mabaraza yao, mtego ulimvunja mguu Bi Paa, na mguu usiunge tena. Baraza la Huruma likampa mkongojo, na kibaba cha mtama kila mwezi. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, bwana mwenye huruma ya kutangazwa.

Sharti lilikuwa moja. Kila mwezi ukiandama, Kiboko huja kumkagua. Akimkuta amesimama, basi amepona, na mkongojo unarudi barazani.

Bi Paa alilijua la kufanya. Akisikia ndu, ndu, ndu njiani, hujitupa mkekani.

"Aa, Mwenyekiti wangu, hata kijiko sikiwezi."

"Pole, mwanangu," Kiboko husema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Usijitaabishe."

Akimpa kisogo tu, Bi Paa huyoo na mkongojo wake, kwata, kwata, hadi shambani. Mtama wa baraza haukufika wiki ya pili. Kunde ndizo zilizomlisha. Na bila mkongojo, hakuna kunde.

Mwaka huo kunde zikakauka mkesha wa siku ya ukaguzi. Zikiachwa, zinapasuka zote. Bi Paa akawaza, kisha akamwita jirani yake Kunguru.

"Shoga, nina siri. Kesho utanikuta shambani, nimesimama wima nachuma. Usimwambie mtu."

"Mimi tena? Umenisikia lini nikisema ya watu?"

Kesho yake, jua halijapanda, nchi nzima ilikuwa shambani, Kiboko mbele.

"Mmemwona laghai?" akakoroma. "Tunamlisha, kumbe mzima."

"Nimesimama, baba, sikatai," Bi Paa akasema taratibu. "Chukua mkongojo wako."

Kiboko akaupokonya, akauinua juu wote wauone.

Pu! Bi Paa chini kifudifudi, kunde zimetawanyika.

Kisha Bi Kobe, ambaye hana haraka na lolote, akauliza, "Mwenyekiti, huyu alikuwa amesimama. Nani kamwangusha?"

Macho yote yakamgeukia Kiboko. Akaujaribu mkongojo mgongoni, akaujaribu kwapani, haukufichika. Akabaki nao mkononi, mbele ya watu wote.

Mkongojo ukimsimamisha mtu, mwachie. Ukimpokonya, wewe ndiye umvunjaye mguu.