Muhogo wa Shina Jeupe

"Uchungu wa muhogo aujua aliyeonja." Leo mmenisikia nikimrushia baba yenu mdogo maneno haya, na sasa mnauliza nimeyatoa wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha kusini, mwaka wa ukame, walikuwa wakimtoa unyagoni mwali aitwaye Asumini. Siku hiyo mwali na wenzake hupikiwa muhogo wa kuchemsha. Wa kuuchagua alikuwa babu yake, Mzee Chilumba, mwenye kanuni aliyorithi: shina jekundu ni muhogo mchungu, ukaushwe uwe makopa, shina jeupe ni mtamu, uchemshwe tu. Akaonyesha mashina meupe, wanawake wakang'oa.

Somoe, mkwewe Chilumba, akamenya mmoja, akang'ata ncha, akatema.

"Huu mchungu. Utawaua watoto."

"Wifi, njaa hiyo!" wenzake wakacheka. "Hata kwenye chungu haujaingia!"

"Shina ni jeupe," Chilumba akasema.

"Baba, nimeuonja."

"Umeolewa hapa juzi, leo unanifundisha muhogo?"

"Basi onja na wewe."

"Anayejua haonji!"

Kila nikifika hapa hasira hunipanda. Kuonja kulitaka nini? Meno mawili na mate! Lakini watu wazima na akili zao wakawasha moto, eti shina ni jeupe.

Somoe akaketi mbele ya mafiga. "Mniinjike mimi kwanza."

Wakaanza kumvuta mikono. Ndipo Asumini, ingawa mwali siku hiyo hasemi neno, akajifunua kanga usoni.

"Mimi sili mpaka babu ale."

Chilumba hakuwa na pa kutokea. Akang'ata pande kubwa, akatafuna mara mbili, akatema, akaukimbilia mtungi wa maji.

Mnadhani aliomba radhi? Thubutu!

"Mwaka huu shina limekosea," alisema.

Shina! Muhogo ukikosa mvua huzidi uchungu, na kanuni yake haikuwa na habari kwamba mvua haikunyesha. Ulimi wa Somoe ulikuwa nayo.

"Shina halina kosa, Baba," Somoe akamjibu, huku akiuondoa muhogo ukaanikwe. "Uchungu wa muhogo aujua aliyeonja."

Asumini alikula ugali siku ya kutolewa kwake, akaishi akazaa.

Kwa hiyo mtu akiwaambia anajua, muulizeni alionja lini. Na akikasirika, mwacheni akasirike. Uchungu wa muhogo aujua aliyeonja.