Suti ya Bosi wa Kampuni ya Simu

Simu ya Kidawa, fundi cherehani wa nyuma ya soko, ililia mara ya tano tangu asubuhi. Aliikimbilia akidhani ni mteja, kumbe ni ile sauti ya mashine ya kampuni ya simu ikimnadia milio mipya. Aliporudi mezani, pasi ilikuwa imeshatoboa gauni la watu.

Bosi wa kampuni hiyo alikuwa palepale dukani, amekuja kupimwa suti ya harusi ya bintiye.

"Bosi, niondolee haya matangazo," Kidawa alimwomba.

Bosi alicheka. "Uliposajili laini ulikubali masharti, mama. Kama hukuyasoma, shauri yako."

"Kweli, shauri yangu," alijibu Kidawa, akamwandikia risiti ndefu yenye masharti ya herufi ndogo ndogo. Bosi aliitia sahihi huku macho yake yakiwa kwenye kioo.

Siku ya harusi aliivaa suti mbio mbio, akajitazama kwa mbele, akaridhika. Ukumbini, kila alikopita vicheko vilimfuata. Mwishowe mkewe alimsomea kilichotariziwa mgongoni kwa uzi mwekundu: "SHONA KWA KIDAWA, NYUMA YA SOKO."

Alimpigia Kidawa huku akifoka. "Nani amekuruhusu?"

"Wewe, bosi. Soma risiti, sharti la tisa."

"Sasa hili tangazo nalitoaje?"

Kidawa alilainisha sauti. "Asante kwa kupiga simu. Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine. Tafadhali subiri."

Akailaza simu kando ya cherehani, akaendelea kushona.