Dumu la Asajile

Mjane mmoja wa milima ya Rungwe alikuwa na wana watatu, na magari yakawagombanisha. Mkubwa, Asajile, alikuwa na pikapu ya petroli, kuukuu lakini haijamwaibisha. Wa kati, Gwamaka, aliuza yake akanunua gari la umeme, akawa analichaji nyumbani. Mdogo, Lwitiko, alisema yote mawili ni ya kupita tu. Yeye anangoja gari la haidrojeni, linalotoa maji badala ya moshi. Kituo cha kulijaza hakikuwapo popote karibu, basi akaendelea kungoja, na kutembea kwa miguu.

Kila Jumapili walibishana nyumbani kwa mama yao. Asajile ndiye aliyekuwa na ulimi. Gari la kuchaji kama simu, alisema, siku umeme ukikatika utafugia kuku ndani yake. Gwamaka alijibu kwamba mama, mwenye pumu, hakohoi tena akipanda lake. Utani ukageuka chuki. Mwaka mzima Asajile hakukanyaga ndani ya gari lile wala hakuuliza linaendaje. Kubeza hakudai mtu ajue kitu.

Masika yalipokolea nguzo zilianguka, umeme ukakatika. Asubuhi ya siku ya tatu mama alibanwa na kifua. Gwamaka angeweza kumwita kaka yake, nyumba chache kutoka pale, tangi la pikapu yake limejaa. Akaona haya. Alimpakia mama kwa chaji iliyosalia, akashika njia ya hospitali. Kwenye mlima wa mwisho gari likasimama.

Mpita njia akampigia Asajile simu: gari la mdogo wako limeishiwa, na mama yenu yumo ndani. Kule milimani, ukisikia mtu ameishiwa njiani hukai kuuliza. Unachukua dumu, unadandia bodaboda, unakata njia ya mkato. Hivyo ndivyo baba yao alivyowalea, na Asajile alikwisha kuwafanyia hivyo hata watu asiowajua majina. Chuki yote ilimtoka. Alifyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye pikapu yake mwenyewe, akaiacha pikapu uani, akaenda amelikumbatia dumu, akimwomba Mungu amfikishe upesi.

Alifika upesi. Gwamaka alikuwa kiti cha nyuma, amempakata mama, ambaye hakuweza tena hata kuketi. Asajile alifungua kizibo, akalizunguka gari upande wa kulia, kisha wa kushoto, akitafuta mahali pa kumimina.

"Kaka," Gwamaka akasema, "hili halinywi."

Mkono ulikuwa umeitangulia akili. Asajile aliliweka dumu chini, akarudi kwa bodaboda ile ile kuifuata pikapu, analia njia nzima. Alipofika nayo, Gwamaka alikuwa amekwisha kumfumba mama macho. Jioni Lwitiko aliingia msibani kwa miguu, viatu vimejaa tope.

Sasa msiniulize gari lipi ni bora, maana kila moja lina siku yake. Mimi nakuuliza wewe uliyebishana na ndugu yako mwaka mzima: siku akikwama, utamfikia na anachohitaji, au na kile ulichozoea kubeba?