Sauti Nzito ya Kalunde

Hapo zamani, kabla watu hawajaanza kutembea na sauti mifukoni, palikuwa na mama mmoja mjini Tabora, jina lake Bi Nyanzala. Sogeeni. Asiyetaka kuhukumu aende zake sasa hivi, maana mbele ya safari nitamuuliza.

Bi Nyanzala alikuwa haoni, tena mgonjwa wa kitandani, na alijua kitanda kile hatakiacha kwa miguu yake. Alitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti ya binti yake Kalunde, aliyefariki siku ya kujifungua. Sauti hiyo ilikuwa kwenye mkanda mmoja, ulionaswa Kalunde akiwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa akiimba huku anapepeta mchele, na mwisho kabisa akacheka. Mkanda mmoja, sauti moja, nakala hakuna.

Watu watatu wakajitolea. Wa kwanza Kapaya, mwanawe wa kiume, aliyeutunza mkanda. Wa pili Fundi Sudi, fundi redio. Wa tatu Hidaya, mjukuu, muuguzi wa hospitali, yule yule mtoto aliyezaliwa siku Kalunde alipokufa. Hidaya hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake hata mara moja. Hilo msilisahau mtakapofungua midomo yenu.

Mashine yenyewe ilikuwa rikoda ya Kijapani, ya magurudumu mawili, nzito kama gunia la mpunga. Ilikuwa imelala kimya zaidi ya miaka ishirini. Fundi Sudi akaifungua, akaguna.

"Hawa watu walikaa wakafikiri," akasema.

Mota tatu: moja ya kuvuta mkanda, mbili za kuzungusha magurudumu. Vichwa vitatu: cha kufuta, cha kunasa, cha kusomea. Hata kwenye kifuniko walishona kimfuko, na ndani ya kimfuko mlikuwa na kikoti kidogo cha shaba.

Kikoti hicho ndicho kilicholeta balaa, kwa hiyo nisikilizeni. Mota ya kuvuta mkanda hufuata mapigo ya umeme. Umeme wetu hupiga mara hamsini kwa sekunde. Kule Japani kuna sehemu unapiga mara sitini, na mota inakimbia zaidi. Basi waliounda mashine wakatengeneza vikoti viwili vya kukivalisha kijiti cha mota: kinene kwa umeme wa polepole kama wetu, chembamba kwa umeme wa mbio. Ukivalisha chembamba huku kwetu, mkanda unajikokota, na sauti ya mwanamke inakuwa nzito kama ya mwanamume.

Mota ilikuwa imekwama. Ili kuitia mafuta, Sudi ilibidi akivue kile kinene. Akagonga, kikagoma. Akagonga tena, kikagoma. Akagonga kwa hasira, kikapasuka.

"Tayari?" Bi Nyanzala akauliza kutoka kitandani.

"Bado, mama."

Sudi akavalisha kile chembamba cha kimfukoni, aone tu kama mota inazunguka. Ikazunguka. Akamwambia Hidaya, "Mwanangu, usiiguse hii. Nimempa fundi wa karakana ya reli achonge kinene. Siku mbili tu." Kisha akamgeukia Kapaya. "Na mkanda ulikaa wapi miaka yote hii?"

"Kabatini, na nguo za marehemu," akasema Kapaya.

Uongo mtupu. Mkanda ulikaa darini, juu ya jiko, kwa sababu mke wa Kapaya hakutaka vitu vya marehemu kabatini mwake. Joto lilikuwa limeila gundi yote inayoushika unga wa sauti mkandani. Lakini Kapaya aliona aibu kulisema hilo mbele ya mama yake.

"Tayari?" akauliza Bi Nyanzala.

"Bado, mama. Siku mbili."

Kesho yake alasiri Hidaya akamshika bibi mkono, akahesabu mapigo, akaona hafiki asubuhi. Alikuwa muuguzi, wengi wamemfia mikononi. Akasema moyoni, sauti nzito ni afadhali kuliko kuzikwa bila sauti. Akabonyeza.

Mkanda ukajikokota. Sauti ikatoka, nene, ya kuburuta. Hidaya akalia kwa furaha, masikini, kwa sababu yeye hakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo. "Bibi, ndiye mama! Msikie!" Wimbo ukaisha, kikafuata kicheko. Kikatoka kama cha mwanamume mlevi.

Bi Nyanzala akainua mkono. "Zima. Mmemleta nani nyumbani kwangu?"

"Ni Kalunde, bibi. Mashine tu inakwenda polepole."

"Macho yangu yamekufa, masikio hayajafa. Kalunde nimemzaa mimi. Mnanifanyia mzaha kwa kuwa sioni? Siko radhi nanyi. Wewe, na mwanangu, na huyo fundi wenu, wote watatu siko radhi."

Akageukia ukutani.

Na hakufa usiku huo. Wala kesho yake. Aliishi siku nne nzima, hasemi na mtu.

Kikoti kikaja siku ile ile aliyoahidi Sudi, kimechongwa hasa. Akakivalisha, akaurudisha mkanda mwanzo. Magurudumu yakazunguka kwa mwendo ule ule walioutaka Wajapani. Spika kimya. Akainama kutazama. Kwenye vichwa kumeganda unga wa kahawia, na mkanda wenyewe ulikuwa umebaki ganda tupu, unaona hadi upande wa pili. Sauti yote ya Kalunde ilikuwa imebanduka ilipopita mara ya kwanza, na unga wake haukujaa kijiko. Hidaya akaukusanya kwenye karatasi, sijui wa nini.

Bi Nyanzala akafa hajasikia, hajasamehe. Matangani siri ya dari ikafichuka, na wale watatu wakaanza kulaumiana.

"Uliambiwa siku mbili, bibi yako akaishi nne," Kapaya akamwambia Hidaya. "Uliharakisha kwa ajili ya masikio yake au yako?"

"Mjomba, ungesema kweli juu ya dari nisingeugusa. Mimi nilidhani mkanda utachezwa tena. Na wewe fundi, nyundo ulitumwa na nani?"

"Bila nyundo mota isingezunguka kabisa," akasema Sudi. "Nilikataza. Na kosa langu nililitengeneza kwa siku mbili. La kwenu atalitengeneza nani?"

"Mimi sasa nikimkumbuka mama," akasema Hidaya, "namsikia mwanamume."

Nawaona mnaotaka kumtupia lawama Bi Nyanzala. Msithubutu. Chumbani mle ni yeye peke yake aliyeijua sauti ya Kalunde. Wamebaki hawa watatu: aliyeficha, aliyevunja, aliyeharakisha. Mama alimnyima radhi kila mmoja, na mimi nimechoka kulifikiria jambo hili peke yangu. Je, kati yao, ni nani aliyestahili kweli kumzika mama bila radhi yake?